Misaada ya makampuni kwa shule za msingi ifuate kalenda ya shule

Bwana Mhariri,

Miezi hii ya Oktoba na Novemba makampuni mengi ya Lubumbashi yanaandaa bajeti ya mwaka ujao, na ndani yake wanatenga fungu la kusaidia shule. Tunaomba nafasi katika gazeti lenu sasa, kabla mafungu hayo hayajapitishwa. Tunataka kusema juu ya aina moja tu ya msaada: fedha ambazo kampuni inaipa shule ya msingi ili walimu wajaribu njia mpya ya kufundisha. Hatuzungumzii kujenga madarasa, kuezeka paa wala kununua madawati. Hayo yana mafundi wake na njia zake.

Miradi mingi ya aina hii inakufa mapema, na watu husema walimu hawakuwa na bidii au direkta, yaani mkuu wa shule, alikula fedha. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: fedha zinafika wakati ambapo shule haiwezi kuzitumia.

Chini ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012, hesabu za makampuni zinafungwa tarehe 31 Desemba. Hesabu miezi. Bajeti inapitishwa Desemba au Januari. Tangazo linatoka Februari, maombi yanasomwa Machi, mkataba unatiwa sahihi Aprili, na fedha zinaingia benki Mei. Sasa Mei shuleni kuna nini? Mwalimu wa darasa la sita hana hata saa moja ya ziada, anawatayarisha watoto kwa mtihani wa taifa. Wenzake wanakimbizana na programu ili waimalize. Mvua imekwisha, kwa hiyo bustani haipandwi bila kununua maji. Mwanzoni mwa Julai milango inafungwa. Na kampuni, kwa upande wake, inataka ripoti na picha kabla ya Desemba. Basi direkta ananunua vifaa mbiombio mwezi Juni ili fedha zisirudishwe, vinafungiwa ofisini, na Septemba ikifika mmoja wa walimu walioandika mradi ameshahamishiwa komine (wilaya ya mji) nyingine.

Dawa yake haihitaji hata falanga moja ya nyongeza. Kampuni itangaze Machi. Shule ziandike Aprili, zipeleke maombi kabla ya katikati ya Mei. Kampuni ichague Juni, mkataba utiwe sahihi Agosti, na awamu ya kwanza iwe benki wiki ya pili ya Septemba, watoto wakiwa wameshaingia na orodha za madarasa zimetulia. Mhasibu wa kampuni atasema mradi huo unavuka mwaka wa hesabu. Ni kweli, ila mkataba uliotiwa sahihi Agosti huenda ukamruhusu kuandika deni lote katika mwaka huo huo, hata kama awamu ya pili italipwa Januari na ya mwisho Juni. Tunachoomba ni kwamba aulizwe mapema, kwa sababu akiulizwa Desemba atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa.

Kuhusu awamu zenyewe: desturi ya kulipa sehemu tatu zinazolingana inaiumiza shule. Manunuzi makubwa yote yanakuja mwanzoni, na shule ya msingi haina akiba ya kungojea. Kwa mradi wa dola 1,500 tunapendekeza dola 900 Septemba, 450 Januari baada ya kampuni kutembelea darasa, na 150 Juni baada ya ripoti. Ukibakiza fungu kubwa hadi mwisho, direkta atakopa kwa mfanyabiashara wa jirani, na riba ya deni hilo hakuna fakture (ankara) itakayoionyesha.

Kabla ya kwenda mbali, shule zijue zinabisha mlango gani, maana wengi wanachanganya. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha mwenye haki ya kuchimba atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi wake. Mgodi ukiuza dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa kampuni wanakaa pamoja na wawakilishi wa wakaaji. Shule iliyo jirani na mgodi ipeleke ombi lake huko kupitia wawakilishi wa wakaaji, na si kwa ofisi ya matangazo ya kampuni. Kuna pia ushuru wa madini ambao asilimia 15 yake inakwenda kwa komine, sekta au sheferi ambamo mgodi unafanya kazi. Hiyo ni fedha ya serikali, inapitia bajeti ya komine, haiombwi kwa barua ya msaada. Shule ya komine ya Kamalondo au komine ya Kenya hapa mjini, isiyo na mgodi jirani, inabaki na mlango wa tatu: wenye viwanda vya unga, benki, makampuni ya simu, wenye malori, wenye maduka makubwa. Hao wanatoa kwa hiari yao, na ndio tunaowaandikia zaidi.

Sasa tuje kwa mradi wenyewe. Neno "ubunifu" limewafanya watu wengi wafikirie tableti na kompyuta. Tutaeleza miradi miwili isiyo na umeme, kisha tuseme la umeme.

Wa kwanza ni kipima mvua. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno wala mikunjo. Ikate pale mabega yanapoanzia, geuza sehemu ya juu uiingize kichwa chini kama mrija wa kumiminia. Chini ya chupa hapako sawa, kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka maji yafike kwenye ubavu ulionyooka; hapo chora mstari wa sifuri. Bandika rula ya plastiki kuanzia mstari huo. Kwa kuwa mdomo wa juu na tumbo la chupa vina upana uleule, milimita moja kwenye rula ni milimita moja ya mvua, hakuna hesabu ya kugeuza. Ifunge kwenye mti uliosimikwa mahali pa wazi, mbali na ukuta au mwembe kwa umbali mara mbili ya urefu wake. Watoto wanasoma kila siku saa moja asubuhi, wanaandika daftarini, wanamwaga maji mpaka sifuri. Makosa yanayoharibu kazi ni mawili. La kwanza ni Jumamosi na Jumapili: hakuna anayesoma, na Jumatatu mtoto anaandika mvua ya siku tatu kama ya siku moja. Afundishwe kuandika "Ijumaa hadi Jumatatu". La pili ni watoto wa zamu ya mchana kumimina maji kwa mchezo; mpe kila zamu chupa yake na ushindani uwe wa nani kasoma vizuri zaidi. Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Machi, kwa hiyo darasa la tano linaweza kuchora grafu ya miezi mitano, kujumlisha, kutafuta wastani, na kuandika taarifa ya mvua kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Vifaa vya madarasa sita haviwezi kumaliza hata sehemu ndogo ya msaada. Mwalimu anayeomba kitu kidogo namna hiyo asionekane hana mawazo makubwa, maana hapo mtoto anapata hesabu, jiografia na lugha kwa mkupuo mmoja.

Wa pili ni vijitabu vya hadithi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundishia, na katika madarasa ya kwanza watoto wetu wanajifunza kusoma kwa Kiswahili, lakini vitabu vya kusoma ni vichache mno. Watoto wa darasa la tatu na la nne wanatunga, mwalimu anasahihisha nao ubaoni, mwenye mwandiko mzuri anaandika nakala safi, mwingine anachora. Kijitabu cha kurasa 16 kinatoka kwenye karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Karatasi ya nje inabeba kurasa 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Inayofuata ni 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu ni 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya ndani kabisa ni 10 na 7, kisha 8 na 9. Wengi wanaanguka hapa: wanapeleka kurasa kwenye fotokopi kwa mfuatano wa 1, 2, 3, 4, na hadithi inatoka imevurugika. Kunja kwanza karatasi tupu, andika namba kwa kalamu, fungua, utaona mwenyewe.

Hadithi 20, kila moja nakala 10, ni vijitabu 200, yaani karatasi 800. Rimu mbili zinatosha na kubakiza karatasi 200 za makosa. Ongeza karatasi ngumu 200 za jalada na stepla yenye mkono mrefu, pini mbili kwa kila mgongo. Lakini katika bajeti usiangalie karatasi: fotokopi inalipwa kwa upande, na pande ni 1,600 bila majalada. Hapo ndipo fedha zinapokwisha, na hapo ndipo maombi mengi yanakosea kwa nusu nzima. Darasa la watoto 70 wakisoma wawili wawili linatumia vijitabu 35 kwa wakati mmoja, kwa hiyo 200 vinahudumia madarasa matano, na mabadilishano yanafanyika kila wiki.

Halafu mchwa. Anayeijua Lubumbashi anajua kabati la mbao lililoegemea ukuta linaisha msimu mmoja. Vijitabu vikae kwenye sanduku la bati lenye kufuli, juu ya matofali manne, sentimita 20 kutoka ukutani, na kila Ijumaa mtoto mmoja aangalie kama kuna njia ya udongo inapanda kwenye tofali. Wakati wa mvua sanduku lifunguliwe juani mchana mara moja kwa wiki, la sivyo ukungu utafanya kazi ambayo mchwa hakuifanya. Sanduku hilo liandikwe katika ombi. Kampuni nyingi hulifuta zikidhani ni fanicha.

Upande wa umeme, hatuwakatazi watu tableti, lakini wapige hesabu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la serikali, unakatika, kwa hiyo kila mradi wa mashine ni mradi wa jua. Paneli ya wati 100 kwa jua zuri la saa nne inatoa karibu wati-saa 400, na baada ya kupotea njiani zinabaki kama 300. Tableti kumi zenye betri ya wati-saa 20 kila moja zinahitaji 200 na kidogo. Inatosha. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini usitumie zaidi ya nusu, maana ukiikausha kila siku itakufa kabla ya mwaka wa pili. Na inakauka kwa sababu inayojulikana na kila mtu: simu za jirani, radio ya mlinzi, taa ya mkutano wa jioni. Ongeza projekta ya wati 250 kwa saa mbili na umeshakula 500 peke yake. Kwa hiyo ombi liseme wazi nani ana ufunguo, nini kinaruhusiwa kuchomekwa, na fedha za betri ya pili ziko wapi. Mradi wa jua usio na mstari wa betri ya pili kampuni iurudishe ukaandikwe upya. Na kumbukeni kwamba tableti kumi katika darasa la watoto 70 ni watoto saba kwenye kioo kimoja. Mwalimu aeleze wale sitini wanafanya nini wakati kumi wameshika.

Bustani ya shule tunaigusa kwa sababu ya hatari moja ambayo wafadhili kutoka nje hawaijui. Shaba imeyeyushwa katika mji huu tangu 1911. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, na vumbi lenye risasi, kadimu, zinki na kobalti limeangukia kwa miaka mingi mitaa ya kaskazini-magharibi ya tanuru la zamani. Mboga za majani kama lengalenga zinavuta metali hizo kuliko mboga za matunda, na vumbi linakaa juu ya majani. Shule za upande huo, na zote zilizo karibu na machimbo, zisipande moja kwa moja ardhini kabla ya kuuliza kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuhusu kupima udongo. Zitumie magunia ya kilo 50: sehemu tatu za udongo ulioletwa kutoka mahali safi, sehemu moja ya mboji, na katikati nguzo ya matofali yaliyovunjwa ili maji yashuke. Kamwe si zile kokoto nyeusi za mabaki ya tanuru, hata zikipatikana bure. Magunia 20 kwa lita 4 kila moja wakati wa kiangazi ni lita 80, bidoni nne kwa siku. Kama shule haina maji, mradi huo uanze Novemba na uishe Aprili, bila aibu.

Sasa fedha. Makampuni mengi yanadai shule ichangie asilimia 10 au 20. Wazo la mchango si baya, lakini tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, na direkta hana ruhusa ya kuwadai wazazi. Sharti hilo linamsukuma achague kati ya kusema uongo na kuvunja sheria. Mchango uhesabiwe kwa kazi: wazazi kuchimba, mchanga, ulinzi, saa za walimu, vyote viandikwe na bei yake.

Kosa la pili ni kukataa posho. "Hatulipi mishahara", inasema fomu. Lakini katika shule zetu kuna walimu wanaoitwa N.U., wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Ukimwomba mwalimu huyo abaki saa mbili zaidi kila Jumatano bila chochote, atabaki wiki tatu, kisha atakwenda kutafuta chakula cha watoto wake. Kwa mradi wa dola 1,500 tunagawa hivi: 840 vifaa na fotokopi, 360 posho ya walimu wawili kwa dola 20 kwa mwezi katika miezi 9, 180 matengenezo, 120 usafiri na gharama za benki. Walimu wawe wawili daima, na wa pili ajue kila kitu, kwa sababu ya uhamisho. Akaunti itoe fedha kwa sahihi mbili kati ya tatu: direkta, mwalimu wa mradi, na mjumbe wa komite ya wazazi asiye na undugu na yeyote kati yao.

Kuhusu risiti, kampuni inataka bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu. Kwa paneli na tableti ni sawa kabisa. Lakini mama anayeuza magunia sokoni hana muhuri wala kompyuta, na shule inalazimika kununua dukani kwa bei mara mbili ili ipate karatasi. Kampuni ikubali, kwa kila kitu kisichozidi dola 50, karatasi ya manunuzi ya sokoni: tarehe, kitu, idadi, bei, jina na simu ya muuzaji, sahihi ya wanunuzi wawili. Idadi ya karatasi hizo iwekewe kikomo katika mkataba.

Fomu yenyewe iwe na kurasa nne, ipatikane ikiwa imechapwa, si kwenye intaneti peke yake, na ikubali majibu kwa Kiswahili kama kwa Kifaransa. Ukurasa wa kwanza uulize mtoto atafanya nini ambacho leo hafanyi. Wa pili, wiki kwa wiki, nani anafanya nini. Wa tatu, bajeti. Wa nne, nini kinaweza kuharibika na mtafanyaje. Huo wa nne usomwe kwanza. Mwalimu aliyeandika "hakuna tatizo" bado hajaufikiria mradi wake, na yule aliyeandika mchwa, Jumapili na ufunguo wa betri anastahili fedha.

Bango la kampuni liwe moja, dogo, getini. Fedha za mabango makubwa na sherehe ya kukabidhi zihamishiwe kwenye mstari wa matengenezo. Na kampuni ikija kutembelea, ije Jumatano ya kawaida mwezi Januari au Februari, bila kutuma habari wiki nzima kabla, iombe kuona daftari la mvua na sanduku la bati.

Walimu na wajumbe wa komite za wazazi wa shule za msingi,
Kampemba na Katuba, Lubumbashi